Nati za manifodi ya ekzosi zimegoma na stadi moja imekatika: je, ni lazima hedi ishuke?

*"Habari za kazi mtaalamu. Nina Fuso ya zamani, injini ya silinda sita yenye turbo. Napakia chumvi Uvinza naleta Kigoma mjini, mara nyingine naipeleka Kasulu. Kwa miezi kadhaa nikiwasha asubuhi inalia chaf-chaf-chaf upande wa ekzosi, ikipata moto sauti inapungua. Sasa masizi yameanza kutoka pembeni ya hedi na gari halina nguvu mlimani. Fundi amefungua manifodi ili abadilishe gasketi. Nati nyingi zimetoka, tatu zimegoma kabisa, na stadi ya mwisho upande wa giaboksi imekatika, imebaki kama milimita 6 nje. Tumemwagia dizeli, na kuna aliyetuambia tujaribu mawese ya moto. Fundi wangu anataka kuongeza bomba kwenye spana, mwingine anasema tukate zote kwa gesi, wa tatu anasema tushushe hedi tuipeleke Mwanza. Wote wanakubaliana kwamba chumvi ndiyo imekula nati. Nifanye nini?"*

Pole kwa usumbufu, ndugu yangu, na ahsante kwa kueleza kila kitu, hasa zile milimita 6. Hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani. Stadi (kijiti cha chuma chenye meno kilichofungwa kwenye hedi, ambacho nati hukazwa juu yake) iliyokatika ikabaki nje kiasi hicho bado ina mahali pa kushikwa, kwa hiyo suala la kushusha hedi, yaani kifuniko cha silinda, lisubiri kwanza. Mwambie fundi aweke lile bomba chini leo hii. Kazi iliyobaki inahitaji siku mbili au tatu, na sehemu kubwa ya muda huo ni kusubiri tu.

Tuanze na chumvi. Ina lawama yake, lakini si hapa. Maji ya chumvi yanayodondoka kutoka bodi yanakula chesisi, springi, mabomba ya breki na sailensa. Kwenye manifodi, yaani bomba la matawi linalokusanya moshi kutoka kwenye hedi, adui mkubwa ni joto. Malori ya tumbaku ya Urambo na Kaliua hayabebi chumvi, na nati zao za ekzosi zinagoma vilevile. Chuma kikipata moto mkali kila siku kinajenga magamba, na usiku injini ikipoa unyevu wa hewa unaingia kwenye nafasi ndogo kati ya meno ya nati na meno ya stadi. Kutu inayozaliwa humo inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Haina pa kwenda, kwa hiyo inabana. Ndiyo maana nati inaweza kuonekana nzima kabisa kwa nje na bado isisogee hata kidogo.

Jambo la pili ndilo lililokata stadi yako ya mwisho, na mafundi wengi hawalitazami. Chuma cha kusubu chenye urefu wa mita 1 kikipanda nyuzi joto 100 kinarefuka karibu milimita 1. Lori lililojaa likipanda mlima, manifodi inaweza kufika nyuzi 500 na zaidi, wakati hedi inapozwa na maji na kubaki karibu na 90. Manifodi ya sentimita 80 inataka kurefuka kama milimita 4, hedi haifiki hata 1. Katikati hakuna mwendo mkubwa, lakini stadi za miishoni zinasukumwa kando kila safari na kurudishwa kila injini inapopoa, mpaka zinachoka. Ndiyo sababu watengenezaji hutoboa matundu mapana kuliko stadi, na injini nyingi za silinda sita hupewa manifodi ya vipande viwili au vitatu vinavyoingiana na kuteleza. Sasa angalia ya kwako: kama ni ya vipande, je, vile viungio bado vinateleza? Masizi na kutu vikivigandisha, manifodi nzima inakuwa kama kipande kimoja. Ukibadilisha stadi bila kulegeza viungio hivyo, mpya itakatika palepale.

Mlio wa asubuhi nao unatokana na hapo. Ikiwa baridi, manifodi iliyopinda inaacha uwazi kwenye gasketi. Ikipata moto inatanuka na kuuziba kwa kiasi. Upungufu wa nguvu mlimani ni moshi unaopotea kabla haujafika kwenye turbo, maana turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inazungushwa na moshi huohuo. Usiendelee kubeba mzigo katika hali hiyo. Moshi wa moto unaopuliza pembeni unaweza kuunguza nyaya na mabomba ya dizeli, na ukiingia kwenye kabini una hewa ya sumu isiyo na harufu. Dereva akilalamika kichwa kinamuuma safarini, usimwambie ni uchovu.

Hayo mliyojaribu, au mliyoshauriwa, niyapitie haraka. Dizeli si mbaya, ila inapenya taratibu, na wengi huimwaga na kushika spana dakika hiyohiyo. Mawese achana nayo kabisa. Ni mazito, asubuhi ya baridi yanaganda, na kwenye joto la manifodi yanaungua na kuacha utando mweusi mgumu ndani ya meno, yaani unaongeza tatizo juu ya tatizo. Bomba la kurefusha spana linakupa nguvu nyingi lakini linakunyang'anya hisia ya mkono. Stadi ya milimita 10 iliyochoka inakatika kabla hujajua imeanza kujikunja. Na kama kuna atakayewaambia mpashe moto kisha mmwagie maji baridi, kataeni. Chuma cha kusubu kikipozwa ghafla kinapasuka, na hapo mtakuwa mnatafuta manifodi au hedi nyingine.

Sasa kazi yenyewe, tuanze na nati tatu zilizogoma. Piga brashi ya waya kwenye meno yote yanayoonekana nje ya nati mpaka yang'ae. Usipofanya hivyo, hata nati ikilegea itakwama kwenye magamba ikiwa njiani kutoka, na hapo ndipo stadi nyingi hukatika. Kisha weka mafuta ya kulegeza kutu. Ya kopo la dukani yanafaa. Usipoyapata, changanya asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, utikise kila unapotumia kwa sababu vinajitenga. Mchanganyiko huo unashika moto upesi mno, kwa hiyo uweke kwenye injini iliyopoa kabisa tu, mbali na sigara na mashine ya kuchomelea. Weka jioni, weka asubuhi, weka jioni tena. Kila ukiweka, gonga ncha ya stadi kwa nyundo ndogo mara kumi hivi, kwa kunyooka, bila hasira. Mtikisiko ule unafungua nyufa ndogo kwenye kutu na mafuta yanapata njia. Ukiweza kuyapa mafuta siku mbili, yape.

Baada ya hapo chukua soketi ya pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili inayoteleza na kula kona. Kama kona za nati ya 14 zimeshaliwa, gongea soketi ya 13 juu yake. Kama ni ya 17, gongea ya 16. Anza kwa kukaza kidogo sana, kisha ndipo ulegeze. Ukisikia "tak" kavu, kutu imekatika na mambo yanakwenda vizuri. Ukihisi spana inakwenda kwa ulaini, kama inavutika, simama hapohapo: nati haizunguki, stadi inajipinda. Nati ikishasogea usiivute moja kwa moja mpaka mwisho. Robo mzunguko kulegeza, nusu ya hiyo kurudisha, tone la mafuta, endelea. Ikianza kulia kwi-kwi, rudisha ndani, ongeza mafuta na usubiri dakika chache. Stadi nzima ikitoka pamoja na nati, usisikitike, umepata bahati.

Ikigoma bado, ndipo gesi inapoingia, ila kwa kupasha, si kwa kukata. Kabla ya kuwasha, ifute asetoni na mafuta yote, hamisha au funika mabomba ya dizeli na nyaya kwa bati, na kuwe na kizimamoto cha unga au ndoo ya mchanga pembeni. Kama mlipulizia spreyi ya kusafishia breki, subirini ikauke kabisa, maana baadhi ya aina zikipata moto zinatoa gesi ya sumu kali. Tumia ncha ndogo na uelekeze moto kwenye nati, si kwenye stadi, mpaka iwe nyekundu ya giza. Nati inatanuka kabla stadi haijapata joto lote, na mwanya wa sehemu ndogo tu ya milimita unatosha kuivunja kutu. Acha wekundu uishe. Ikiwa bado moto, gusa stadi kwa kipande cha nta ya nyuki, ambayo kwenu Kigoma na Tabora haikosekani. Mshumaa nao unafaa. Nta inayeyuka kabla ya kufika nyuzi 70 na kunyonywa ndani ya meno, mahali ambapo mafuta ya kopo hayakufika. Ukiitazama kwa karibu utaona inatoweka ikizunguka ukingo wa nati. Isubiri ipoe kidogo kisha ujaribu spana, kwa mwendo uleule wa mbele na nyuma. Rudia hata mara tatu au nne. Nati nyingi sugu huachia kwenye mara ya pili au ya tatu.

Ile inayokataa hata hapo, itoe nati kafara ubaki na stadi. Ikate kwa grenda yenye diski nyembamba upande mmoja, ukisimama kabla hujagusa meno, kisha umalizie kwa tindo kali na nyundo mpaka ipasuke. Nati ni kitu cha bei ndogo. Kukata stadi zote kwa gesi, kama mwenzenu alivyosema, ni kugeuza tatizo la nati tatu kuwa tatizo la stadi kumi na kitu, na moto wa kukata ukiteleza kidogo unachimba uso wa hedi.

Kabla manifodi haijatoka, acha nati moja ya juu imeshika kwa meno machache. Manifodi yenye turbo ni nzito, na ikidondoka itavuta mabomba ya oili ya turbo au kumvunja mtu vidole. Ifungeni kamba au mnyororo, wawili mshike, ndipo mtoe ya mwisho.

Sasa ile stadi iliyokatika. Kwa milimita 6 za nje, dawa yake ni kuchomelea nati juu yake, na mchomeleaji mwenye mkono uliotulia ataifanya kwa nusu saa. Toa waya wa betri na plagi ya alteneta kwanza. Klipu ya ardhi ifungwe kwenye hedi karibu na stadi, isifungwe kwenye chesisi, ili umeme usipite kwenye bearingi za injini. Ziba matundu ya moshi kwa vipande vya bati. Ivalishe stadi washa (pete bapa ya chuma) ili kulinda uso wa hedi, kisha weka nati ya milimita 12 juu ya stadi ya milimita 10. Nati iwe nyeusi isiyopakwa zinki, maana zinki inatoa moshi mbaya na kuufanya mchomeleo uwe na matundu. Kwa kijiti cha milimita 2.5, aanze katikati, kwenye stadi yenyewe, ajaze mpaka ashike nati. Joto hilo lenyewe ni nusu ya tiba, kwa kuwa linapasha stadi mpaka ndani ya hedi. Wekundu ukiisha, nta. Ikipoa kiasi cha kutotoa moshi, spana, mbele na nyuma. Nati ikichomoka bila stadi, usikate tamaa, choma nyingine. Kila mara stadi inapashwa tena, na kuna zinazotoka kwenye nati ya nne au ya tano.

Ikikatika sawasawa na uso wa hedi, bado mchomeleaji hodari anaweza kuijenga tone kwa tone mpaka itokeze. Ikiwa imeingia ndani, kinachobaki ni drili, na hapo ndipo hedi nyingi huharibiwa. Ugumu ni kupata katikati. Njia nzuri ni kumpelekea mkerezaji manifodi yako akutengenezee bushi ndogo (kibomba kifupi cha chuma) inayoingia kwenye tundu la manifodi bila kucheza, yenye tundu la milimita 4 katikati. Rudisha manifodi kwenye stadi nzima, ingiza bushi, toboa kupitia humo. Ila hakikisha kwanza tundu la manifodi limekaa katikati ya stadi, kwa sababu nimekwisha kusema linaachwa pana makusudi. Toboa kwa mwendo wa polepole na oili, kisha panda hatua kwa hatua. Kwa meno ya milimita 10 yenye hatua ya 1.5, biti ya mwisho ni 8.5; yakiwa ya 1.25, ni 8.8. Pima kwa geji ya meno kwenye stadi iliyotoka, usikisie. Weka alama ya kina kwenye biti kwa utepe, ukilinganisha na stadi nzima, kwa sababu nyuma ya baadhi ya matundu kuna njia ya maji. Ukiwa katikati kweli, meno ya zamani yatabaki kama waya mwembamba unaochomoka kwa koleo, na tapu (kifaa cha kukatia meno ndani ya tundu) inasafisha kilichobaki.

Kuhusu izi-auti, ile pini ya meno ya kinyume inayoingizwa kwenye tundu: kwa stadi za ekzosi siishauri. Stadi ya milimita 10 imeshindwa na kutu mpaka ikakatika. Pini ya milimita 5 au 6 itashindaje? Na pini hizo ni za chuma kigumu. Ikivunjikia ndani, biti ya kawaida haiikati, na kazi ya nusu siku inakuwa safari ya hedi kwenda karakana kubwa.

Mwenzenu aliyetaja Mwanza hakukosea kabisa, amewahi tu. Shusheni hedi kama pini au biti imevunjikia ndani, kama tundu limekwenda upande na kula ukuta wa hedi, kama maji yanavuja kwenye tundu la stadi, au kama zimekatika kadhaa mahali ambapo mkono wa drili hauingii wima. Na kama hedi tayari inavujisha maji au gasketi yake inasumbua, basi ifanywe yote kwa pamoja. Vinginevyo kushusha hedi ni gasketi mpya ya hedi, kupima uso wake, kurekebisha valvu upya, na siku kadhaa za gari kulala, kwa sababu ya stadi moja yenye milimita 6 nje. Kabla ya kufikiria Mwanza, uliza karakana za kukereza za hapo Kigoma mjini na mafundi wa uchomeleaji waliofunzwa VETA. Mwonyeshe mchomeleaji stadi yenyewe, umuulize ameshatoa ngapi za namna hiyo. Kama hajawahi, usimruhusu ajifunzie kwenye hedi yako.

Kwenye kufunga, manifodi ikishatoka ilaze uso juu, weka rula ya chuma iliyonyooka na upitishe fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) kwenye kila mdomo. Uwazi ukizidi milimita 0.2 hivi, ipelekwe ikasawazishwe, la sivyo gasketi mpya itaungua baada ya wiki chache. Manifodi ya vipande isawazishwe ikiwa imeunganishwa. Viungio vya kuteleza vitenganishe, ondoa masizi, badilisha pete zake zikiwa zimekwisha. Puliza ndani kwa upepo wa kompresa mara mbili: chembe moja ya chuma ikibaki humo itapiga mapanga ya turbo injini ikiwashwa.

Badilisha stadi zote, hata zile zilizotoka vizuri, kwa kuwa zimechoka pamoja. Zinunue kwenye vipuri vya injini. Bolti ya dukani ya kufungia mapaa haina ubora wa kuhimili joto hilo. Kama injini yako ina bushi ndefu chini ya nati, zirudishe zote; zinaipa stadi urefu wa kujivuta manifodi inapotanuka, na mafundi wengi huzitupa wakidhani ni washa za ziada. Nati za shaba, au za chuma zilizopakwa shaba, hazigandi upesi. Paka meno grisi ya shaba ya kuhimili joto, kidogo tu. Grisi ya kawaida inaungua na kuwa mkaa ndani ya meno.

Kaza kuanzia katikati kwenda miishoni, kwa awamu tatu, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha kitabu cha injini yako. Usipokipata kitabu, kwa stadi za milimita 10 usivuke Nm 40 ukiwa umepaka grisi, kwa sababu meno yaliyolainishwa yanabana zaidi kwa nguvu ileile. Ukikaza kupita kiasi unaizuia manifodi kuteleza, na stadi ya mwisho itaanza kuchoka upya. Endesha gari bila mzigo mpaka lipate moto, liache lilale mpaka asubuhi, kisha kagua tena ukazaji wa nati kwa kipimo kilekile injini ikiwa baridi. Ukiwasha asubuhi hiyo, pitisha mkono sentimita chache kutoka kwenye kila mdomo wa gasketi kabla chuma hakijapata joto. Panapovuja utausikia upepo kwenye ngozi mara moja.